Funza wa banda la kuku na stairofomu: je, wanaweza kumaliza plastiki ya mtaa?

Swali limeletwa na kijana anayefuga kuku wa nyama Mbagala:

"Shikamoo Dokta. Wakati wa masika niliegesha vipande vya stairofomu, ile nyeupe inayokuja kwenye boksi la televisheni, kuzunguka bruda ili vifaranga wasipigwe na baridi ya usiku. Juzi nimeitoa, nimekuta imetobolewa matundu matundu. Ndani kuna vifunza vya hudhurungi na vidudu vyeusi vinang'aa kama mbegu za papai. Jirani amenionyesha video inayosema funza hao wana bakteria tumboni wanaoyeyusha plastiki. Mtaro wa mtaa wetu umejaa teki awei na chupa, mvua ikipiga maji yanaingia hadi chumbani. Je, nikiwafuga kwa wingi wanaweza kumaliza taka hizo, halafu kuku wangu nikawapa hao funza kama protini?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu umeanza na kitu ulichokiona kwa macho yako bandani, video imekuja baadaye. Nikujibu kwanza kwa mkato, maana najua una kuku wanakusubiri. Ni kweli funza hao wanatafuna stairofomu, na ni kweli bakteria wa utumboni mwao wanaweza kuivunja sehemu ya kile wanachomeza. Mtaro wenu hawataumaliza. Na kuku, nakuomba sana, usiwape.

Sasa tukae tuzungumze vizuri.

Kwa maelezo yako, huyo karibu bila shaka ni mbawakawa mdogo wa maranda, kwa jina la kitaalamu Alphitobius diaperinus. Anaishi kwenye mabanda ya kuku karibu dunia nzima, akila chakula kilichomwagika, kinyesi, hata vifaranga waliokufa. Wafugaji wa nchi za baridi, ambao hujengea stairofomu ndani ya kuta za mabanda, wanamlalamikia kwa miaka mingi kwa jambo hilohilo uliloliona: anazitoboa kuta. Ila kutoboa kwake kuna sababu zaidi ya moja. Funza akikaribia kugeuka mdudu kamili hutafuta mahali pakavu, penye giza, ambapo wenzake hawatamla akiwa amelala. Stairofomu ni laini, inachimbika, basi anajichimbia chumba. Kwa hiyo tundu peke yake haliniambii kama alikula au alikuwa anatafuta pa kulala.

Unaweza kuangalia mwenyewe. Chukua kipande kimoja chenye matundu, kigonge taratibu juu ya karatasi nyeusi au mfuniko wa sufuria uliopakwa masizi. Vitadondoka vitu vya aina mbili. Kuna unga mweupe mwepesi, ukiupulizia unapaa wote: hizo ni chenga alizozing'oa na kuzitupa, hazikupita mdomoni. Halafu kuna vipunje vidogo mno, vya rangi ya majani makavu ya chai yaliyofifia, vizito kidogo, haviruki kirahisi. Hicho ni kinyesi. Ukikuta vipunje vingi ndani kabisa ya tundu, mbali na maranda na chakula, ujue huyo alikuwa anameza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuweka funza wa jamii ya jirani, wale wakubwa wa njano wa kwenye unga, ndani ya chupa ya kioo yenye kipande cha stairofomu. Mchana huoni chochote. Jioni watu wakishaondoka na feni zikazimwa, ukisogeza sikio unawasikia: mkwaruzo mwepesi usiokoma, kama mtu anachambua mchele kwenye ungo chumba cha pili. Baada ya siku chache kipande kimekuwa kama masega. Kila mwanafunzi aliyeona alidhani tatizo la plastiki limekwisha. Nilimwambia kila mmoja maneno haya ninayokuambia wewe: kutafuna tumeshakuona, kumeng'enya bado hatujakuthibitisha.

Waliothibitisha walikuwa watafiti wa China wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2015. Walitumia hao hao funza wa njano, Tenebrio molitor. Walitengeneza polistairini, yaani plastiki inayofanya stairofomu, yenye kaboni iliyowekwa alama, kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida ambayo mashine inaitambua popote ilipo. Wakawalisha funza. Kisha wakaitafuta ile alama, wakaikuta kwenye hewa ukaa waliyoitoa funza na kwenye mafuta ya miili yao. Hapo hakuna ubishi tena, maana unga wa plastiki uliosagwa tu hauwezi kugeuka pumzi.

Katika kazi hiyohiyo waliwapa funza gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Funza waliendelea kutafuna, lakini uwezo wa kuivunja plastiki ukapotea. Ndipo ilipojulikana kwamba mwenye kazi ni mpangaji wa tumboni. Walimtoa mmoja wa wapangaji hao, bakteria wa jenasi ya Exiguobacterium, wakamlisha stairofomu peke yake nje ya funza. Kwa siku 60 alipunguza asilimia 7.4 tu ya vipande alivyopewa. Ndani ya funza, chakula hupita chini ya siku moja na tayari kimeanza kuvunjika. Linganisha mwenyewe. Bakteria huyo akitolewa nyumbani kwake anakuwa kama fundi aliyeachwa na kijiwe bila vifaa. Funza ndiye anayesaga iwe chenga, ndiye anayeleta unyevu na joto, tena kuna bakteria wengine kando wanaoshika kazi pale huyu alipoishia.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sana sisi tuliokulia kwenye nyumba za mbao na miti. Mchwa anakula boriti, lakini mchwa peke yake hawezi kuumeng'enya mti ule. Wapo mchwa wanaobeba tumboni viumbe vidogo vya kuwafanyia kazi hiyo, na wapo hawa wetu wa vichuguu vikubwa wanaolima kuvu ndani ya kichuguu. Kuvu hiyo ndiyo inayolainisha mabaki ya miti na majani, na ndiyo hiyohiyo inayotoa uyoga tunaouokota mvua zikianza. Mdudu kwa meno, kiumbe kidogo kwa kemia. Mkataba huo una umri wa mamilioni ya miaka. Plastiki imeingia juzi tu, na baadhi ya bakteria wanajaribu zana za zamani kwenye kazi mpya.

Na kazi yenyewe ni ngumu. Polistairini, na vilevile polietilini ya mifuko laini, ni minyororo mirefu ya kaboni iliyoshikana na kaboni. Haina sehemu dhaifu ya kuanzia. Bakteria inabidi kwanza apenyeze oksijeni kwenye mnyororo, kama mtu anayetia patasi kwenye ufa, ndipo apate pa kukatia. Chupa ya maji ni ya plastiki nyingine, PET, ambayo kwenye mnyororo wake ina viungo ambavyo maji yakisaidiwa na kimeng'enya yanaweza kuvikata. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti wa Japani walipotangaza bakteria aliyeokotwa kwenye kiwanda cha kuchakata chupa katika mji wa Sakai, wakamwita Ideonella sakaiensis, yeye aliweza kuila PET kwa vimeng'enya viwili tu. Huyo si wa utumbo wa mdudu, alitoka kwenye udongo na tope. Nakutajia ili uone kwamba neno "plastiki" moja linaficha vitu vingi. Angalia ile pembetatu iliyochapwa kitakoni mwa chombo: namba 1 ni PET, 2 na 4 ni polietilini, 5 ni polipropilini, ambayo ndiyo pia inayotengenezewa mifuko mbadala tuliyopewa tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, na 6 ndiyo polistairini ya teki awei. Funza wako anaonyesha hamu na namba 6. Mtaro wenu una zote.

Tupige hesabu ya namba 6 peke yake, maana hapa ndipo video nyingi zinapokimbia. Katika utafiti ule wa 2015, funza 100 walikula kati ya miligramu 34 na 39 kwa siku. Gramu moja inawachukua kama siku 27. Teki awei moja ya chipsi tuikadirie gramu 5: funza mia wataila kwa miezi minne na nusu. Ukitaka wamalize kilo moja kila siku, na kilo moja ya stairofomu kwa wingi wa umbo lake inajaza magunia, lakini kwa mtaa mzima wenye vibanda vya chipsi ni kidogo, unahitaji funza wapatao milioni 2.7. Na hao ni wale wakubwa wa njano. Wa kwako ni wadogo kuliko hao.

Wote hao milioni mbili na ushei hawaishi kwa stairofomu tupu. Polistairini ni kaboni na haidrojeni, basi. Haina nitrojeni hata chembe, na bila nitrojeni hakuna kiumbe anayejenga nyama ya mwili. Funza wakiachiwa stairofomu peke yake wanaishi wiki kadhaa, lakini hawakui ipasavyo, na njaa ikizidi wanakulana. Watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Nairobi, walilijaribu hili na funza wa jamii hiyohiyo ya Alphitobius unayemwona bandani kwako, wakachapisha mwaka 2024 chini ya Fathiya Khamis. Waliochanganyiwa stairofomu na pumba waliishi vizuri zaidi na kula plastiki vizuri zaidi kuliko waliopewa stairofomu tupu. Kwa muda wote wa jaribio, lililozidi mwezi, walikula takriban asilimia 11.7 ya stairofomu waliyowekewa. Wewe unanunua pumba kwa ajili ya kuku, unajua bei yake. Utakuwa unalisha pumba milioni mbili za funza ili wamege plastiki kidogo.

Hata hivyo kazi ile ya Nairobi ndiyo iliyonifanya nikae kitini nilipoisoma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu wa kwetu Afrika kuonyeshwa akifanya hivi, na walipofungua matumbo walikuta kwamba ukimbadilishia funza chakula, jamii ya bakteria nayo inabadilika: Kluyvera, Lactococcus na Klebsiella walionekana kwa wingi kwa waliokula stairofomu. Hazina ipo kwa hao. Lengo la utafiti huu wote ni kumjua bakteria, kumjua kimeng'enya chake, kisha kukizalisha kimeng'enya hicho kwenye mapipa ya kiwanda bila kufuga funza hata mmoja. Kwa PET njia hiyo imefika mbali: mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walikiboresha kimeng'enya kimoja kilichopatikana awali kwenye mboji ya majani huko Japani, kikavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, kwenye joto la nyuzi 72. Kwa polistairini na polietilini bado hatujafika huko.

Jirani yako pengine alikuonyesha pia kiwavi wa nondo wa nta, maana video yake husambaa sana. Wafugaji wa nyuki wa Tabora na Singida wanamjua, ndiye anayefuma utando kwenye masega na kuharibu mzinga. Federica Bertocchini, mwanabiolojia aliyekuwa Hispania na anayefuga nyuki, aliwatoa viwavi hao kwenye mizinga akawatia kwenye mfuko wa plastiki. Baada ya muda mfuko ulikuwa umejaa matundu. Mwaka 2017 yeye na wenzake wa Cambridge waliandika kwamba viwavi 100 walipunguza miligramu 92 za mfuko kwa saa 12. Wanakemia wa Ujerumani wakawajibu mwaka huohuo: alama mlizozipima zinaweza kuwa ni mabaki ya mwili wa kiwavi yaliyoganda juu ya plastiki, hamjaonyesha plastiki imevunjika. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu mama yule hakununa. Alirudi maabara, na mwaka 2022 kundi lake likaripoti vimeng'enya viwili kwenye mate ya kiwavi, wakavipa majina Demetra na Ceres, ambavyo walisema vinapenyeza oksijeni kwenye polietilini kwa saa chache kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa huyo, basi, ikiwa wako sahihi, kazi ya kwanza inafanywa na mate yake mwenyewe. Kila mdudu ana njia yake.

Sasa kuku, na hapa naongea kama mzee wako. Kwanza, hesabu ya protini. Kati ya kaboni yote ya stairofomu waliyomeza funza wa njano, asilimia 47.7 ilitoka kama hewa ukaa, asilimia 49.2 ikatoka kwenye kinyesi, na kilichoingia mwilini kilikuwa kama nusu asilimia. Nusu asilimia, mwanangu. Protini ya funza huyo inatoka kwenye pumba uliyomlisha, plastiki haikuongeza kitu. Pili, karibu nusu ile iliyotoka kinyesini bado kuna plastiki ndani yake, imesagwa ndogo kuliko ilivyoingia. Ukimwokota funza akiwa ameshiba ukampa kuku, umempa kuku hiyo plastiki. Tatu, huyu mdudu wako ni mchafu kwa mazingira anayoishi. Anajulikana kubeba Salmonella, virusi vya Marek na mayai ya minyoo tegu kutoka kundi moja la kuku hadi jingine. Unawauza kuku, unaleta vifaranga wapya, yeye amebaki kwenye nyufa na maranda akiwasubiri na ugonjwa wa wale waliotangulia.

Na kuku wenyewe hawahitaji funza ili kula stairofomu. Wanaipenda, sijui kwa nini, pengine kwa weupe wake na jinsi inavyomeguka. Nimewahi kupasua firigisi ya kuku aliyedhoofika bila sababu ya kueleweka, nikakuta punje nyeupe zimejaa kama bisi, zimeshindikana kusagika wala kupita. Kwa hiyo stairofomu ikaribiapo bruda iwe nje ya ukuta, au tumia magunia na maboksi. Banda likiwa tupu zoa maranda yote, yapeleke mbali na yakauke juani, ziba nyufa za sakafu, acha siku za kutosha kabla ya vifaranga wapya. Usiyarundike pembeni ya banda, watarudi usiku huohuo kwa miguu.

Kama hamu yako ni funza wa kulisha kuku kutokana na taka, yupo, na Dar es Salaam tayari anafugwa: ni funza wa nzi askari mweusi, yule mrefu mwembamba kama nyigu asiyekuja kusumbua jikoni. Huyu anakula maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, matunda yaliyooza ya sokoni, anafika ukubwa wa kuvunwa kwa takriban wiki mbili, na akikomaa anatambaa mwenyewe kutoka kwenye taka kutafuta pakavu, unamkinga kwenye ndoo. Mwili wake mkavu una protini ya karibu asilimia 40. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwetu ni za aina hiyo, za kuoza. Zikitolewa mapema, plastiki inayobaki inakuwa safi, na plastiki safi ina mnunuzi. Vijana wanaookota makopo hawazigusi chupa zilizolowa mchuzi na kinyesi, wanazichukua zile zinazokubalika kwenye mizani. Teki awei hawachukui, maana ni nyepesi na haina bei, na ndiyo hiyo inayoelea hadi kwenye karavati na kuziba. Hiyo mzungumze na mama na baba wa vibanda vya chipsi pale mtaani kabla ya vuli: karatasi, sahani ya kuoshwa, au mteja aje na chombo. Tafadhali pia msiichome. Moshi wake mweusi una stairini na masizi, na bruda yako iko hatua chache tu, na vifua vya vifaranga ni vidogo.

Kabla hujasafisha banda, naomba kitu. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati, utoboe matundu kwa msumari mwembamba. Tia ndani konzi ya maranda yaleyale na kipande kimoja cha stairofomu chenye funza hai, ukiokota wale waliochimba ndani kabisa. Usipulize dawa yoyote, na usitumie kopo la plastiki. Andika tarehe, umri wa kuku, na kama uliwapa antibiotiki kwenye maji wiki hizo, maana hilo litabadilisha kila kitu tutakachokikuta tumboni mwao. Ukiwa tayari niandikie tena, nitakuelekeza pa kuileta. Iweke kivulini, na usiikawize zaidi ya siku tatu.